Begi la Stesheni

Bukene, Jumanne usiku

Na leo tena nimekwenda stesheni na begi. Ndani mna sweta langu la shule na blanketi, ili lionekane limejaa. Tangu nimalize kidato cha nne nimechoshwa na swali moja la watu: "Siku hizi unajishughulisha na nini?" Shamba la baba halitutoshi, vibarua hakuna, nitawajibu nini? Mwenye begi haulizwi. Anatakiwa safari njema.

Hata mwalimu wangu wa zamani, nilipomwamkia, aliitikia, "Marahaba. Safari njema, kijana." Kwa muda kidogo nikajiona mtu.

Treni ya Mwanza ikaja. Wenye safari zao wakapanda, mizigo ikapitishwa madirishani. Mimi nikajifanya natafuta behewa langu mpaka ikaondoka, nikabaki na mbuzi wa watu relini.

Bibi muuza karanga, kumbe huwa ananiona, akanishikisha kifuko cha karanga. Pesa hakutaka.

"Mjukuu wangu, na leo imekuacha tena?"

Nikamwambia ndiyo, bibi, imeniacha.

Hakucheka. Afadhali angecheka.