Vidole Visivyonisubiri

Mwenzangu, hivi mtu anawezaje kuogopa duara la karatasi?

Leo nimevuta upinde vizuri kabisa, lakini jicho lilipogusa tu ile njano ya katikati ya shabaha, vidole vikaachia uzi kabla sijaviruhusu. Mshale ukatua kwenye shabaha ya jirani, ya nahodha wa timu yetu. Ya nahodha, mwenzangu!

Akaniuliza, "Mdogo wangu, yangu ndiyo tamu zaidi?" Wote wakaangua kicheko.

Kocha hakucheka. Alibandua karatasi kwenye shabaha yangu, akanisogeza karibu nayo: "Fumba macho, uvute." Vidole vikatulia kama maji mtungini. Karatasi iliporudishwa, vikaruka tena!

Na mashindano niliyoyasubiri mwaka mzima ni Jumamosi.

Nimewaambia wote: "Nafasi yangu mpeni mwingine. Mimi nitapiga shabaha isiyo na karatasi mpaka vidole vinitii."