Anwani ya Chumba Kitupu

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tano
Nimechaji kompyuta kwa sola ya duka la baba yangu. Programu ya watoa damu iko tayari kwa kituo cha afya. Watu wanane ndani. Wa damu ya kundi O hasi ni mmoja tu, Papa Kambale. Ili atokee haraka, nimeshika anwani ya chumba alimowekwa kwenye kumbukumbu ya mashine. Anatokea mara moja. Najivunia.
Dada yangu Furaha ni O hasi. Mimba imetimia. Hapa Walikale hakuna akiba ya damu.

Jumatano, tarehe 6
Mtoa damu wa tisa ameingizwa. Mashine imempokea bila kulalamika. Sikujaribu tena kumwita Papa Kambale.
Miguu ya Furaha imevimba. Naogopa.

Alhamisi, tarehe 7
Furaha amejifungua asubuhi. Msichana. Damu haikukoma.
Niliomba O hasi kwenye programu. Zikatokea herufi ovyo. Tena. Ovyo. Mama Neema, muuguzi: "Dada, mashini yako ilikunywa pombe ya kasiksi? Muntu iko wapi?"
Nilifungua orodha nzima, nikamtafuta kwa macho. Simu yake imezimwa. Tukatuma pikipiki nyumbani kwake. Alishahama! Jirani ndiye aliyemwelekeza dereva: nyuma ya soko. Papa Kambale alifika bila viatu.
Ametoa. Furaha anapumua. Mimi siwezi kula.

Ijumaa, tarehe 8
Nimeelewa. Vyumba vilikuwa vinane, vimefuatana. Wa tisa alipofika, programu ilichukua vyumba kumi na sita mahali pengine, ikahamisha wote kwa mpangilio uleule, ikarudishia mashine vile vya zamani. Ndivyo nilivyoiagiza. Nikabaki na anwani ya chumba kitupu, na vitu vingine vikaingia humo.
Kwetu anayehama humwachia jirani habari. Kwenye kumbukumbu hakuna jirani. Nilisahau hilo. Hasira juu yangu mwenyewe.
Sasa nashika nafasi yake mstarini: wa tatu. Wakihamishwa popote, bado ni wa tatu.

Jumapili, tarehe 10
Nimeingiza majina ya uongo hadi watu wakafika kumi na saba, kupita vyumba kumi na sita. Wamehama wote tena. Papa Kambale ametokea.
Furaha amelala, mtoto kifuani.
Baada ya misa nilimpelekea yule jirani sabuni kutoka dukani. Akauliza ni ya nini. Nikamwambia: ni ya kumwelekeza dereva nyuma ya soko.