Ngano ya arobaini ya Anesti

Fotini, uko? Nimetoka kanisani sasa hivi.

Leo ni arobaini ya mume wangu Anesti, tangu azame na mashua ya Kapteni Saranti. Niko mlangoni pa kanisa nagawa ngano ya marehemu, ile ya kuchemsha ambayo kila anayeila humwombea, mwalimu wa shule akaanza kumsifu kapteni, eti ni kama yule shujaa wa kale aliyerudi kutoka Troya.

Nikamuuliza, "Na wenzake huyo shujaa, mwalimu, walirudi wangapi?" Anajua fika: hakurudi hata mmoja.

Saranti akacheka! "Bi Pelagia, redio ilitukataza kutoka bandarini, dhoruba inakuja. Lakini wale wavuvi wa ng'ambo waliniita mwoga. Mimi, mwoga? Tukatoka."

"Waliniita mwoga!" Kasema hivyo, Fotini, na mkono kauleta apewe ngano ya Anesti.

Na ni huyuhuyu aliyejitupa tena baharini akamtoa Thanasi wangu, aliyekuwa mashua ileile na baba yake. Mwanangu akaninong'oneza, "Mama, nyamaza. Bila yeye ningekuwa chini na baba."

Nikamjazia Saranti kiganja. Akala, akasema, "Mungu amrehemu."

Jumatatu askari wa bandari wanakuja kuandika maelezo ya ile ajali. Saranti nitamwashia mshumaa kila Jumapili, kwa ajili ya Thanasi. Na Jumatatu nitawaambia askari alichosema kuhusu redio.