Mawimbi Kumi na Matatu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa ofisini, mlango nimeurudishia, maana nyumbani siwezi kuandika haya bila mtu kuchungulia, na jambo lenyewe ukilisikia utasema ni dogo, ni karatasi tu, lakini limeninyima usingizi na chakula wiki nzima na sasa limeingia ndani ya familia, nisaidie kabla ya Jumamosi.

Mama yangu ni mtengeneza kadi. Ni kazi yake ya mkono tangu sijazaliwa: anakata manila, anakunja, halafu anaizungushia kadi ukingo wa mawimbi kwa panchi ndogo ya chuma inayotoboa duara, karatasi anaiingiza nusu tu ili iumwe nusu duara, anabonyeza, anasogeza, anabonyeza, na siku zote huanzia katikati ya ubavu kuelekea kwenye pembe ili pembe zote zitoke sawa. Sasa macho yake yameingia ukungu, daktari amesema hayatarudi kama zamani, na mdogo wangu wa mwisho anaolewa, na mama akasema kadi za mwaliko za kitinda mimba wake hazitaguswa na mkono wa mtu mwingine, na nani angembishia?

Nilipoziona, mshauri, nilitaka kulia. Mawimbi mengine yamezama, mengine yamegusa juu juu, mengine yamepandana, nikawaza wakwe watakavyozigeuzageuza na kutazamana, basi nikanunua panchi kama ya mama, nikawa nazibeba kwenye mkoba, thelathini leo, thelathini kesho, na saa ya chakula wenzangu wakitoka mimi nabaki na rula na wembe, nakata ukingo wa mama wote pande nne, upana wa kidole kimoja kila upande, natoboa upya. Zikatoka zimenyooka. Nikajisifu, Mungu anisamehe.

Wiki iliyopita mama alikuwa mezani, akatoa kadi moja kwenye bahasha, akapitisha kidole gumba ubavuni polepole, akarudia, akasema, "Hii ina mawimbi kumi na matatu. Mimi huweka kumi na matano." Akatoa nyingine, kumi na matatu. Akauliza, "Nani ameshika kazi yangu?" Wifi yangu, mke wa kaka, tunaishi naye nyumba moja na ndiye anayetia kadi kwenye bahasha, alikuwa jikoni, nami nikajisikia nikisema, "Labda wifi, mama, si unajua anavyopenda kunyoosha vitu."

Tangu hapo mama hasemi naye. Wifi akiamkia anaitikiwa kwa kichwa, akipeleka chai inapoa mezani, na maskini hajui kosa lake, jana ameniuliza mimi, mimi huyu, "Wifi, nimemkosea nini mama?" nikamwambia ni uchovu wa harusi. Kaka ameanza kununa na nimesikia wanazungumza habari za kuhama. Kadi zinagawiwa Jumamosi, ziko sitini nilizozikata, arobaini za mama ambazo sijazigusa, na ishirini hazijatobolewa kabisa kwa sababu mama ameifungia panchi kwenye droo na kusema hataki kuiona tena. Nikisema ukweli itabidi nimwambie kazi yake ilikuwa mbovu, nitamvunja moyo. Nikinyamaza wifi ataondoka na doa lisilo lake. Nifanye nini?

Mkata Kingo

JIBU

Marahaba, Mkata Kingo, na pole. Sasa pole imekwisha, nisikilize.

Naanza na wifi yako, maana wewe umemweka mwisho. Mtu anaishi kwa wakwe, anachemsha chai, anatia kadi kwenye bahasha kwa mikono yake, nawe umemtwika kosa lako akiwa jikoni, hasikii. Kisha akakujia kwa heshima zote kukuuliza, ukamdanganya tena, macho kwa macho. Mara ya kwanza tuseme uliteleza. Ya pili ulikusudia, na aibu yake ni yako.

Halafu unasema ukweli utamvunja mama moyo. Hebu fikiri, mwanangu. Mtu anayehesabu mawimbi kwa kidole gumba, unadhani hakulihisi wimbi lililopinda? Kidole hicho hicho kilipita kwenye kila kadi kabla hujaitia mkobani. Mama yako alijua ukingo unayumba tangu kadi ya kwanza. Alijua na akaendelea, kwa sababu anayeolewa ni mwanawe wa mwisho, na kadi hizi huenda ndizo kazi yake ya mwisho. Kilichomuuma ni kwamba mmoja wenu aliikata kimya kimya akaitupa kwenye pipa la ofisi.

Kwa hiyo leo, usingoje kesho. Ukitoka kazini usipitie popote. Mkalishe mama, mkalishe wifi, na kaka akiwepo. Usianze na "nilitaka kusaidia", anza na "ni mimi". Mwombe wifi radhi kwanza, mama akisikia. Akikununia wiki mbili mvumilie, na vyombo vya wiki hizo mbili utaviosha wewe.

Tuje kwenye kadi. Sitini ulizozinyoosha wapelekee hao wakwe unaowaogopa. Arobaini za mama ziende kwa shangazi, wajomba na majirani, watu waliomjua akiona vizuri. Wakizishika tu watajua ni mkono wa nani. Kwa zile ishirini, mwombe mama ufunguo wa droo, kata kipande kigumu cha manila ukibandike ndani ya mdomo wa panchi, karatasi ikikigusa isimame hapo hapo, isizame zaidi. Katikati ya kila ubavu dunga alama ndogo kwa ncha ya sindano, ataipata kwa kidole na kujua pa kuanzia. Kisha umwekee panchi mkononi. Wewe shika karatasi, usogeze akikuambia usogeze. Kubonyeza ni kwake.

Na ahesabu yeye, kwa sauti. Wewe funga mdomo mpaka afike kumi na matano.