Boriti ya Katikati ya Jukwaa la Kwaya

Lubumbashi, siku ya yenga, kisha ibada ya kanisa

Baba yangu mupendwa,

Barua hii ikukute wewe na mama mukiwa bazima. Ule mugongo wako uko namna gani? Na mama, kikohozi cha moshi wa kukausha samaki ndagala kilimuacha? Huku mi niko muzima, ni roho tu ndiyo ilichoka kidogo.

Baba, siku ile nilikupigia simu juu ya jukwaa la kwaya ulilojenga mu kanisa pale Swima, nikakuambia uongeze boriti mbili, ulinijibu, "Mi nilianza kujenga mbele ya kuzaliwa kwako," kisha ukakata. Ulikuwa na haki. Nilianza kukufundisha, sikukuambia kitu kilichonipata. Acha nikueleze sasa.

Mu shantiye yetu ya ujenzi huku tulijenga depo ya kuweka simenti. Enjeniya alinipa kazi ya kuhesabu boriti za sakafu ya juu. Zilikuwa tatu: mbili kando ya kuta, moja katikati. Nilichukua uzito wote wa sakafu, nikaugawa kwa tatu. Niliona ni haki. Asubuhi moja bakapanga mifuko ya simenti kule juu, boriti ya katikati ikapasuka. Muzee Kalala, mubeba mizigo, alikuwa chini yake. Muguu wake ulivunjika pahali pawili.

Enjeniya hakunipigia kelele. Alichukua fimbo, akachora sakafu mu muchanga.

"Kila boriti inabeba nusu ya nafasi iko kuume kwake, na nusu ya ile iko kushoto," akasema. "Ya ukutani iko na upande moja tu. Na ya katikati?"

"Iko na pande mbili."

"Basi inabeba mara mbili."

Nililia mbele ya bafundi bote.

Kesho yake nilienda hospitali, nikamwambia Muzee Kalala ile karatasi ya hesabu ilikuwa yangu. "Bengine bangenyamaza," akasema. "Usiache ile kazi, mwanangu. Ila ujifunze muzuri."

Ndiyo maana nilikupigia. Jukwaa lako liko na upana wa metre ine, na boriti tatu, moja kila metre mbili. Bantu bakijaa na kucheza, tunahesabu kilo mia tano kwa kila metre ya mraba, pamoja na mbao zenyewe. Boriti ya katikati inashika metre moja huku na metre moja kule. Mia tano mara mbili: kilo elfu moja juu ya kila metre ya urefu wake. Za kando zinabeba mia tano tu, na zote ulizikata unene moja. Ukitia boriti moja mu kila nafasi, ya katikati inabakia na mia tano. Na mama anaimba akisimama palepale katikati, Baba. Sikuweza kulala.

Jana mama akanipigia. Alisema siku tatu zilipita tangu simu yangu. Kisha ukafunga ngazi ya jukwaa bantu basipande, ukavuta kamba ya kupimia, ukakuta boriti ya katikati imeshuka vidole viwili. Ukaongeza zile mbili kwa mikono yako. Na mbele ya kanisa lote ukasema, "Kosa ni langu. Binti yangu ndiye aliliona." Mi sijui kama ningeweza kusema vile mbele ya bantu niliobajengea maisha yote.

Tena aliniambia, siku kwaya ilipanda, ulikataa kiti. Ulisimama chini ya jukwaa, macho juu ya ile boriti, mpaka wimbo wa mwisho.

Unisalimie yaya Esther, muuzaji wetu wa samaki, na bwana yake mwenye mutumbwi. Unisalimie na mama mukubwa kule Baraka, umwambie nguo aliyonishonea ingali inanitosha.

Na wewe, Baba, usisimame tena pale chini. Hesabu iko sawa, niliirudilia mara ine. Siku ya yenga inayokuja panda, ukakae karibu na mama.

Mi binti yako anayekuheshimu,
Riziki