Ushuhuda Nilioutoa Mapema

Jumamosi, Mtopanga. Mvua imenyesha tangu alfajiri na joto bado halijaondoka. Bati linavuja pale pale kinapokaa kinanda changu, kwa hiyo nimekisogeza, nimeweka beseni, nimekaa kitandani kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Sina amani. Tangu Alhamisi kila nikifumba macho niombe, naiona ile kadi.

Nianze na wimbo, maana ndio ulioniponza. Wengi wenu mnaujua. Mwalimu wa kwaya mwenye sauti ya debe kama mimi hapati wimbo wa kupendwa mara mbili maishani, na nilipoupata huu nilivimba kichwa. Unaimbwa harusini, unapigwa saluni, juzi nimemsikia mtu sokoni Kongowea anaupiga mluzi huku akichagua vitunguu. Unasema kwamba mke wangu, Mbeyu, alikuwa na uvimbe kwenye titi na Mungu akauondoa.

Mungu hajauondoa.

Niliutunga wiki ya pili baada ya Mbeyu kuanza matibabu. Uvimbe ulikuwa umenywea kidogo, nasi tukafurahi kupita kiasi. Jumapili ile mchungaji akahubiri habari za Yeriko, jinsi watu wale walivyopiga baragumu ukuta ukiwa bado umesimama. Kanisani kwetu hiyo ni desturi: ushuhuda hutolewa kwa imani, kabla jicho halijaona. Anayetaka mtoto hushukuru kwa mtoto, anayetafuta kazi hushukuru kwa kazi. Basi nami nikashukuru kwa uzima wa Mbeyu, beti nne na kibwagizo. Tukarekodi video tukiwa na vitenge vya sare, yeye mbele, anacheka.

Sikumuuliza kama anataka kusimama mbele.

Tangu siku hiyo mke wangu hana ruhusa ya kuumwa. Akikohoa ibadani, watu hugeuka. Wageni humshika mkono wapate baraka, nami mjinga husimama kando nikitabasamu.

Alhamisi nilikuwa natafuta andiko la kufundishia mazoezini. Biblia yangu sikuiona, nikachukua yake. Kadi ya kliniki ikaanguka kutoka katikati ya Zaburi. Tarehe tatu za mwisho hazina muhuri. Mara tatu alivaa, akaniaga, akatoka na mwavuli wake. Kumbe alikuwa anavuka feri kwenda kukaa kwa dada yake Timbwani mpaka saa za kurudi zifike.

Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua hata uso.

"Baba Neema, yule muuguzi wa pale si ndiye mwimbaji wako wa sauti ya pili? Akiniona kwenye foleni, wewe utaitwa nani?"

Yaani ananificha mimi. Anaumia kimya ili mimi nisiitwe mwongo.

Nimelia mpaka kichwa kinauma. Nimeuchukia wimbo, nimemchukia mchungaji, kisha nikakumbuka kwamba mchungaji hakuniandikia hata neno moja. Kila ubeti ni wangu.

Zile kurasa zilizokuwa na kadi nimezisoma tena na tena. Kuna watu mle wanalalamika tangu mstari wa kwanza. Wanamuuliza Mungu amejificha wapi, mifupa inawauma, wanalilowesha godoro kwa machozi. Na hizo zilikuwa nyimbo, jamani! Zilikuwa na waimbishaji wake, watu kama mimi. Miaka kumi na mmoja nafundisha kwaya na sijawahi kufundisha hata moja ya namna hiyo. Sisi tunajua kushinda tu.

Leo mchana tulikuwa na mazoezi ya mwisho. Kesho ni sikukuu ya shukrani, wageni wanatoka Likoni na Changamwe, na wimbo wetu ndio wa kufungulia ibada, Mbeyu akiongoza. Nilikwenda nimekusudia kuwaambia. Nikashindwa. Nilichofanya ni kuushusha wimbo, maana pumzi yake haifiki tena kule juu.

"Mwalimu, mbona leo tunaimbia kisimani?" mmoja akauliza.

Nikamwambia watunze sauti zao kwa ajili ya kesho. Uongo mwingine huo.

Niliporudi nilimkuta Bi Mwanaisha, jirani yetu wa ukuta mmoja, ananingoja mlangoni na bakuli la uji. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akanitazama sana.

"Mwanangu, wimbo wenu mimi naupenda, wallahi, hata wajukuu zangu wanauimba. Lakini mkeo namsikia kila alfajiri nikiamka kuswali. Namsikia anavyougulia. Kwani huko kwenu mgonjwa haombewi akiwa mgonjwa?"

Nikapokea bakuli.

Ndiyo maana naandika hapa. Mdomo umenishinda, na najua wanakwaya wangu huisoma blogu hii kabla ya ibada, wengine wakitafuta umbea. Nimempa Mbeyu simu asome kwanza. Safari hii nimemuuliza. Amesoma polepole hadi mwisho, akafuta mahali nilipomwita shujaa, akasema, "Itume." Kisha akauliza kama uji umebaki.

Sijui kesho nani atanisalimia. Sijui kama tumeshachelewa, na hilo ndilo linalonitafuna kuliko aibu yote. Wimbo ule kesho hauimbwi. Kinanda napiga mimi, na sitaupiga.

Mke wangu ni mgonjwa. Mwombeeni akiwa mgonjwa.

Na wewe dada wa sauti ya pili, Jumatatu asubuhi ukituona kwenye foleni, tusalimie kama unavyowasalimia watu wengine.