Gauni Jeupe na Ndege za Mazoezi

Ijumaa. Mvua ya alfajiri, kisha jua kali. Nimechoka, na nina hasira isiyo na pa kwenda.

Leo ndege za jeshi zimeanza mazoezi nyuma ya milima. Jana gari la matangazo lilipita Mwandiga nzima likisema tusiwe na hofu. Mimi sikuwa nayo. Zilipotokea niliacha genge langu la nyanya nikasimama barabarani kushangaa na wenzangu. Zinainama, zinaachia mabomu kwenye eneo la shabaha, mabati yanatetema, zinapanda tena.

Tulipiga makofi!

Mchana nikarudi nyumbani. Moto jikoni umemwagiwa maji, maharage hayajaiva. Kamba ya nguo tupu. Gauni la binti yangu la komunyo ya kwanza, la Jumapili hii, nimelikuta limefunikwa kwa majani mabichi ya mgomba. Utomvu wa mgomba ukishika nguo, hautoki.

Mama mkwe alikuwa amejikunyata nyuma ya choo.

Nilifoka. Gauni lenyewe nimelishona kwa miezi, na yeye ndiye aliyenichagulia kitambaa. Akaningoja nimalize, kisha akasema kwa upole, "Nyeupe wanaiona kutoka juu, mukazana wanje. Na moshi pia." Ananiita hivyo kwa Kirundi, yaani mkwe wangu, tangu siku niliyoolewa na mwanawe. Haya aliyajua vitani Burundi, akiwa na mtoto mgongoni, kabla hajavuka mpaka kuja Tanzania. Mtoto huyo ndiye mume wangu.

Nikamwambia, "Mama, hizi ni zetu. Wanajifunza tu."

Akanitazama. "Zetu? Mimi sijawahi kuwa na ndege."

Nikalitoa gauni chini ya majani.

Tukakaa na beseni, ndimu na sabuni. Tulipokuwa tunakamua, yeye ncha hii, mimi ile, ndege zikarudi. Akageukia upande wa choo. Nilidhani ataliachia gauni akimbie. Hakuliachia. Nami nikavuta upande wangu kidogo, ajue nipo.

Doa limebaki kwenye pindo. Binti yangu anasema halionekani. Linaonekana sana. Jumapili atalivaa hivyo hivyo, na bibi yake ndiye atakayemshika mkono hadi kanisani. Zikipita, mimi nitamshika bibi.

Bado nalia kidogo kwa ajili ya gauni. Ila sitapiga makofi tena.

Kamba nimeifungia ndani, juu ya kitanda cha mama. Gauni likauke taratibu huko huko.